Mkanda wa Harusi Ulionipeleka Bukoba

Mkanda wenyewe ulikuwa hautoki Bukoba. Mama yake rafiki yangu alilisema hilo kwenye simu kwa upole, akalirudia, kisha akaniuliza habari za Tanga na bei ya machungwa, nikajua mjadala umefungwa. Nilikuwa nimemwomba aukabidhi kwa kondakta wa basi, niusafishe huku kwangu na kumrudishia. Akasema mali ya mteja haipakiwi kwenye buti. Kama nautaka, niende na dawa zangu. Kitanda kipo.

Marehemu mumewe alikuwa mpiga picha mjini Bukoba, mwenye studio ya chumba kimoja, pazia la nyuma limechorwa bustani na ngazi zisizopanda popote. Alipofariki, mwishoni mwa miaka ya themanini, aliacha daftari la wateja ambalo majina yake karibu yote yamepigwa mstari, maana yake picha zimechukuliwa na hela imelipwa. Jina moja halina mstari. Ni la jirani, aliyeolewa mwaka 1987, akatanguliza nusu ya malipo. Mkanda wa harusi hiyo ulitafutwa usionekane. Mama akamwambia ukweli kwamba umepotea, jirani akakubali kwa mdomo tu, kwa sababu kila walipokutana kanisani alikuwa akimsalimia na kumalizia, "Na picha zangu, bado hazijakauka?"

Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 likaitikisa Kagera. Nyumba nyingi zilianguka, watu wakafa. Kwa Mama ulipasuka ukuta wa nyuma, ule uliokuwa wa studio, na mafundi walipokuja kuubomoa wakashusha vitu vilivyokuwa darini. Ndani ya kopo la maziwa ya unga ya mtoto, kifuniko kimezungushiwa plasta ya hospitali, kulikuwa na mkanda mmoja uliokwisha kupigwa, karatasi yake imebanwa vizuri. Mtu mwingine angenyamaza. Mama alivuka barabara siku hiyohiyo akamwambia jirani umeonekana, na deni likafufuka likiwa na miaka karibu thelathini.

Mimi husafisha mikanda ya bleki end waiti kama wengine wanavyofuga njiwa, bila faida na bila kuweza kuacha. Rafiki yangu alilijua hilo, akanitumia picha ya kile kilichokuwa koponi: mkanda wa saizi ya 120, wa picha kumi na mbili za mraba, karatasi imeandikwa ORWO NP 22. Ulitengenezwa Wolfen, Ujerumani Mashariki, nchi ambayo yenyewe imekwisha. Nguvu yake ni ASA 125. Tarehe ya mwisho wa matumizi huandikwa kwenye boksi, na boksi halikuwepo, lakini haikuhitaji kuandikwa.

Mkanda uliopigwa na kutosafishwa haukai kimya. Mwanga unapougusa huacha kwenye chembe za fedha alama ndogo mno, atomu chache tu, ambazo jicho haliwezi kuziona. Dawa ya kusafishia ndiyo inayozikuza alama hizo mpaka ziwe weusi wa kuonekana. Zikicheleweshwa miaka mingi, zinaanza kufifia, na za kwanza kwenda ni zile dhaifu, za kivulini: suti nyeusi, nywele, upande wa uso usiotazama jua. Wakati huohuo joto, unyevu na mionzi midogo itokayo ardhini na angani vinaziamsha chembe ambazo mwanga haukuzigusa kamwe, na hizo nazo zinataka kuwa nyeusi. Huo ndio tunaouita ukungu wa mkanda. Picha inashuka, ukungu unapanda, na anayesafisha anatafuta upenyo uliobaki katikati.

Upenyo huo wakati mwingine hudumu kuliko mtu anavyodhani. Mwaka 1897 Waswidi watatu, Andrée, Strindberg na Frænkel, waliruka kwa puto kuelekea Ncha ya Kaskazini, wakaanguka barafuni na hawakurudi. Mabaki yao yalipatikana mwaka 1930 katika kisiwa cha Kvitøya, pamoja na mikanda yao. John Hertzberg, mtaalamu wa picha mjini Stockholm, akaisafisha na kuokoa picha 93, baada ya miaka 33 ya theluji. Lakini wao walikuwa na barafu. Mkanda wa Mama ulikuwa na dari la mabati.

Nililojipa moyo nalo ni kwamba dari hilo lilikuwa Bukoba. Mji uko kando ya Ziwa Victoria, mita zipatazo 1,150 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake hauzidi sana nyuzi 20. Kama kopo lile lingekaa juu ya dari la Tanga, nisingepoteza nauli.

Nauli yenyewe ilikuwa ya basi mpaka Mwanza, kisha meli. Sikuwahi kufika upande ule wa nchi. Njia ya basi nitaipita haraka, kwa sababu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha katikati kutoka Morogoro mpaka Shinyanga hahitaji kusimuliwa, na ambaye hajakaa masimulizi hayatamsaidia. Mwanza nilifika nikiwa na miguu iliyovimba, tangi la kusafishia, mfuko mweusi wa mikono miwili, kipimajoto, mizani ya jikoni na kilo mbili za chenga nyeupe ndani ya nailoni.

Chenga hizo ndizo zilizonisimamisha bandarini. Ni dawa ya kukazia, fiksa, ile inayoyeyusha fedha iliyobaki ili mkanda uweze kutazama mwanga bila kuharibika. Kitaalamu ni thaiosalfeti ya sodiamu, na kwa kuwa siku hizi hakuna duka la picha linaloiuza kwetu, niliinunua kwa muuza dawa za mabwawa ya kuogelea, ambako hutumika kupunguza klorini. Mkaguzi akafungua nailoni, akachukua chenga moja, akaitazama juu ya taa.

"Hii ni shabu?"

"Hapana, mkuu. Dawa ya kugandishia picha."

"Siku hizi picha zinagandishwa?"

Nikaeleza. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Alivutiwa zaidi na kipimajoto, akakitia kwapani, akasoma, akaniruhusu.

Meli ni MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ikalala miaka kadhaa, ikarudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo ikiwa na jina refu, New Victoria Hapa Kazi Tu. Wenyeji bado wanaiita Victoria. Inaondoka usiku, inapita Kemondo, inaingia Bukoba asubuhi. Katika daraja la tatu nilikaa kati ya wafanyabiashara waliopeleka ndizi Mwanza na sasa wanarudi na matenga matupu na simu zimejaa chaji. Mzee mmoja alinionyesha kwa kidevu upande wa giza, akasema ni upande ule MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, na mamia ya watu ndani yake. Alilisema bila kushusha wala kupandisha sauti. Kisha akanigawia kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na viungo na kukaushwa, ambazo kwa Wahaya mgeni hupewa kabla hajaulizwa shida yake. Nikatafuna mpaka Kemondo, usingizi haukuja.

Kahawa ile ilinichekesha kwa siri, kwa maana ndiyo niliyokuja kuitumia.

Mwaka 1995, katika chuo cha teknolojia cha Rochester, New York, mji wa Kodak, mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake waligundua kwamba filamu inaweza kusafishwa kwa kahawa. Si kafeini inayofanya kazi. Ni asidi zilizomo kwenye kahawa, ambazo zikiwekwa kwenye maji makali ya magadi zinaweza kuikuza ile alama ya mwanga. Ukiongeza vitamini C kazi inakwenda kasi na safi zaidi. Kahawa inayofaa kuliko zote ni ile isiyosifiwa na wanywaji, robusta ya unga wa kuyeyuka, bei poa, kwa kuwa asidi hizo imejaliwa nazo nyingi kuliko arabika. Na robusta ya Tanzania inatoka Kagera. Kiwanda cha TANICA, cha kahawa ya kuyeyuka, kiko palepale Bukoba. Ukisoma maelezo ya wapenzi wa dawa hii huko Ulaya utawaona wakihangaika maduka kwa maduka kutafuta kopo lenye robusta ya kutosha. Mimi nilishuka melini nikavuka barabara.

Niwe mkweli, wataalamu wa mikanda ya zamani wanapenda zaidi HC-110, dawa ya Kodak ya maji mazito, pamoja na benzotraiazoli ya kuzuia ukungu. Kuagiza chupa hizo, ushuru na kusubiri vingegharimu kuliko harusi yenyewe. Mchanganyiko wa kahawa nilikuwa nimeutumia Tanga kwenye mikanda yangu mara nyingi, naujua tabia zake, na dawa unayoijua ni bora kuliko dawa nzuri usiyowahi kuishika.

Mama alinipokea mlangoni. "Shikamoo Mama." "Marahaba mwanangu. Mbona mwembamba hivi, Tanga hawali?" Ndizi zilikuwa zimeshaiva na sato juu yake. Mkanda haukutajwa mpaka nilipomaliza kula na kunawa, ndipo akaenda chumbani akarudi na kopo, akaliweka mezani juu ya kitambaa, na kando yake daftari, limefunguliwa kwenye ukurasa wa jina lile.

Kesho yake sokoni nikanunua magadi. Mama alidhani ni ya maharage. Magadi ya sokoni hayajawa magadi kamili. Ni mawe yenye maji na hewa ndani yake, na ukiyakaanga kwenye kikaango kikavu bila haraka yanaachia vyote viwili, yakabaki unga mweupe wenye nguvu zaidi na mwepesi zaidi. Gramu mia moja zinabaki kama sabini. Nilikaanga kwenye jiko la mkaa, Mama ameketi kwenye kigoda anatazama kwa mashaka ya mtu aliyepika maisha yake yote. Aliponiona nachuja maji yake kwa kitambaa safi akatikisa kichwa kukubali. Mchanga aliuona na yeye.

Kwa nusu lita, ambayo ndiyo tangi langu linahitaji kwa mkanda wa 120, ni magadi yaliyokaangwa gramu 27, vitamini C ya unga gramu 8, kahawa gramu 20. Kwa ajili ya ukungu niliongeza kijiko cha chumvi ya mezani yenye madini joto, kwa kuwa madini hayo huzituliza zile chembe zinazotaka kuwa nyeusi bila sababu. Magadi yatangulie, vitamini ifuate, povu litulie, kahawa iwe ya mwisho. Harufu yake siwezi kuipamba. Mtu anayependa kahawa itamuumiza, na nyumba nzima ilinuka kama soksi zilizochemshwa. Watoto wa jirani walikuja dirishani kuuliza nani anaumwa.

Tanga, hatua inayofuata huwa ni barafu. Maji ya bomba kule yana nyuzi 28 na zaidi, na kwa joto hilo utando wa mkanda, ambao ni jelatini, unavimba na kulainika mpaka unaweza kukutoka na kucha. Kwa mkanda wa zamani ndiyo kabisa. Huwa nanunua mabonge kwa wauza samaki. Hapa ndoo ililala barazani usiku, asubuhi nikatumbukiza kipimajoto: nyuzi 20 na kitu kidogo. Joto lile wenye viwanda vya filamu waliloliandika kwenye karatasi zao zote, kana kwamba dunia nzima ina baraza la Bukoba.

Chumba cha stoo kilizibwa kwa mablanketi, na ndani yake nikatumia pia mfuko mweusi, kwa kuwa mabati yana matundu ambayo hata mwenye nyumba hayajui. Mkanda uliokaa hivyo umejikunja kama haukuwahi kunyooka. Karatasi ya nyuma ilikuwa imegandana na utando sehemu za nje, ikiachia kwa sauti ya kuchanika ambayo gizani inasikika kubwa kuliko ilivyo. Nilikwenda nayo kidole kwa kidole. Mwisho wa mkanda, pale penye utupu baada ya picha ya kumi na mbili, nikakata kipande, nikakigawa kwa mkasi. Nusu moja niliipa dakika 12 za kahawa, nyingine 15, kisha zote mbili zikaenda kwenye fiksa, kabla ya kugusa mkanda wenyewe. Ya dakika 15 ilitoka nzito, mwanga unapita kwa shida. Ya 12 ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, unaona kidole upande wa pili. Basi 12.

Kuuvisha mkanda kwenye kigurudumu chenye mifereji kulichukua muda kuliko kuusafisha. Unateleza, unaruka, unajifunga upya mkononi. Kwenye ncha ya mwanzo kuna gundi inayoushikilia kwenye karatasi, na hiyo haivutwi kwa ghafla, kwani ikibanduka kwa kasi hutoa cheche ndogo za buluu na cheche ni mwanga. Nilitoka jasho mfukoni mpaka viwiko. Nje nilimsikia Mama akimwambia mtu, "Yuko ndani, usimsemeshe."

Mtu huyo alikuwa jirani. Alikuja na kiti chake.

Dakika kumi na mbili, kupindua tangi dakika ya kwanza yote, halafu sekunde kumi kila dakika. Kumwaga, kusuuza kwa maji, fiksa. Fiksa yangu ya mabwawa haina haraka, na kile kipande cha majaribio kiliniambia kinang'aa kwa dakika tano, kwa hiyo mkanda ukapewa kumi, kwa kanuni ya kuzidisha mara mbili. Kisha maji, na maji, na ya mwisho ya mvua, kutoka kwenye tenki lililo chini ya mchirizi wa bati. Bukoba mvua haidaiwi, na maji yake hayaachi madoa yakikauka.

Nilipoufungua mbele yao ulikuwa wa kahawia. Ukungu ulikuwepo, mzito kwenye kingo, na kwenye picha za mwisho, zilizokuwa nje ya mkunjo na kupokea unyevu kwanza, ulikuwa umemeza karibu kila kitu. Namba na vidoti vya karatasi ya nyuma vilikuwa vimejichapa kwenye utando. Lakini kuanzia picha ya kwanza mpaka ya saba watu walikuwepo. Wamepinduka kama ilivyo kwenye negativu, suti nyeupe, shela nyeusi tii. Ngazi za kanisa. Gari aina ya Land Rover limefungwa maua kwenye boneti. Mpiga picha, au kivuli chake, kimelala mbele kwenye majani ya picha ya tatu, viwiko vimetoka nje, kamera iko kifuani kama wapiga picha walivyokuwa wakizishika.

Mama alikiona kivuli hicho kabla sijamwonyesha. Akauliza kama nacho kitatoka kwenye karatasi. Nikasema kitatoka. Akasema basi hiyo zichapwe nakala mbili, moja haimo kwenye deni, ataigharamia yeye.

Jirani aliusogeza uso wake mpaka pua ikaribie mkanda, nikalazimika kumwomba asipumue juu yake. Aliyemtafuta alikuwa wa picha ya kukata keki, ya kumi na mbili. Huko kulikuwa na kisu, kitambaa cha meza, na mahali pa uso wa bwana harusi ile namba 12 ya karatasi, imekaa wima. Akacheka mpaka akashika ukuta. Mumewe, aliyekuwa amebaki nyumbani kwa sababu alishaapa hazitatoka, alipigiwa simu papohapo aambiwe kwamba yeye ni namba.

Kwa simu yangu nilipiga negativu mbele ya dirisha, nikazigeuza rangi, zikasimama kama picha za kawaida, bi harusi wa miaka ishirini na kitu akiwa na glavu na hofu. Nikamwuliza kama nimtumie kwenye simu yake.

"Mwanangu, mimi nililipa picha. Simu sikuilipia."

Kwa hiyo ni karatasi, na mashine yangu ya kuchapia iko Tanga. Hapo tukarudi kwenye lile la awali, mkanda kutotoka. Walijadiliana Kihaya, nikaketi nikila senene waliokaangwa, na uamuzi ukaja kwa Kiswahili: zikatwe za jirani zilizo hai, saba, zisafiri na mimi, zilizobaki zirudi koponi. Mama akaandika kwenye daftari, chini ya mwandiko wa mumewe, idadi na tarehe, akanigeuzia nisaini kwamba nimezipokea. Jirani akauliza kuhusu ile nusu iliyobaki, akiisema kwa hela ya mwaka 1987. Mama akasema hela hiyohiyo, hawezi kupandisha bei ya kazi iliyocheleweshwa na yeye.

Nilikuwa nazipanga kwenye bahasha jirani aliponisimamisha na kuchagua moja kwa kucha, ya ngazi za kanisa, iliyotoka safi kuliko zote, haina hata doa la ukungu. Katikati yake amesimama mwanamke mrefu mwenye kilemba.

"Hii usiichape," akasema. "Ni wifi yangu, na hakuchangia hata sukari."